Dawa Imekaa Wapi Ndani ya Uzi? Nyuzi za Nano na Utoaji wa Dawa kwa Kipimo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wafamasia, wahandisi na wanafunzi, nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nitazungumzia nyuzi za nano, yaani nyuzi nyembamba mno za polima (kemikali ya minyororo mirefu, kama plastiki) zinazosokotwa kwa umeme, na namna zinavyobeba na kutoa dawa.

Naomba tuanze na hesabu ndogo, kwa sababu asiyeifanya mapema anaweza kusokota nyuzi mwaka mzima huku akijiuliza kwa nini dawa yake haikai ndani. Chukueni uzi wenye kipenyo cha nanomita 500. Kutoka katikati yake hadi ukingoni ni nanomita 250. Molekuli ya dawa inayosafiri kwa difyusheni, yaani inayojipenyeza yenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uchache, hutumia muda unaokaribia mraba wa umbali ukigawanywa kwa kigawo cha difyusheni. Tuseme polima yetu ni ngumu kupenyeka na kigawo hicho ni 10⁻¹² cm² kwa sekunde. Nanomita 250 ni sentimita 2.5 × 10⁻⁵, mraba wake ni 6.25 × 10⁻¹⁰, na jibu ni sekunde 625. Dakika kumi na kitu. Anayetaka dawa hiyo hiyo iendelee kutoka kwa siku 30 anahitaji kigawo kidogo zaidi ya mara 4,000.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba dawa ikishaingizwa kwenye nyuzi za nano basi itatoka polepole. Wembamba unaharakisha. Gramu moja ya nyuzi za nanomita 500, zenye uzito wa gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, ina uso wa karibu mita za mraba 6.7, na uso wote huo unalowana maji. Breki lazima itafutwe kwingine: katika aina ya polima, katika upatano wa dawa na polima hiyo, na zaidi ya yote katika mahali dawa ilipokaa. Je, imeyeyuka ndani ya uzi molekuli kwa molekuli? Imejikusanya kama fuwele? Imekimbilia usoni? Au imefichwa katika kiini na kufunikwa na ganda? Mtu akiwaletea matokeo ya nyuzi zake, muulizeni hilo kabla hamjamuuliza volteji.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Hataza za kwanza za Marekani za kusokota kwa umeme zilitolewa mwaka 1902 kwa John Cooley na William Morton, na Anton Formhals akapata ya kwake mwaka 1934 kwa ajili ya nyuzi za nguo. Mwaka 1964 Geoffrey Taylor alieleza kwa hesabu umbo la koni linalojitokeza kwenye tone lililowekwa chini ya umeme mkali, akapata nusu-pembe ya digrii 49.3, ndiyo maana tunaiita koni ya Taylor. Katika miaka ya 1990 Darrell Reneker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Akron waliurudisha ufundi huu maabara, na mwaka 2002 ikachapishwa kazi ya tetrasaiklini, kiuavijasumu, iliyosokotwa ndani ya polima ya PLA, ndani ya polima ya PEVA, na ndani ya mchanganyiko wa hizo mbili. Hapo ndipo wafamasia walipoanza kutega sikio.

Vifaa ni vichache. Pampu ya kusukuma bomba la sindano, sindano butu ya chuma, chanzo cha umeme cha kilovolti 0 hadi 30, na kipokeo cha chuma kilichounganishwa na ardhi, ambacho huwa sahani bapa au silinda inayozunguka. Mmumunyo wa polima unasukumwa hadi tone lijitokeze kwenye ncha ya sindano. Umeme unalivuta tone, linachongoka kuwa koni, na kwenye kilele cha koni unachomoka mchirizi. Kwa sentimita moja au mbili mchirizi huo huenda wima. Kisha chaji zilizomo ndani yake zinasukumana, nao unaanza kujipinda na kuzunguka kama mjeledi kwa kasi ambayo jicho halifuati. Jicho huona tu umbo la faneli lenye ukungu. Uzi unakonda humo kwenye kupinda huko, na kiyeyushi karibu chote kinatoweka humo humo, ndani ya sehemu ya sekunde. Kwa kipimo cha mililita 1 kwa saa ya mmumunyo wa 10%, yaani miligramu 100 za polima, uzi wa nanomita 500 unaotoka katika saa hiyo moja una urefu wa zaidi ya kilomita 400. Sentensi moja kama hiyo inatosha kuonyesha kwa nini dosari ndogo ya sekunde chache inajaza makosa kwenye mkeka, yaani tandiko la nyuzi zilizorundikana kwenye kipokeo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: polikaprolaktoni, PCL, yenye uzito wa molekuli wa 80,000, ikibeba ibuprofeni kwa kiasi cha 5% ya uzito wa nyuzi kavu. Pima PCL gramu 1.2. Ili dawa iwe 5% ya jumla, zidisha 1.2 kwa 5 ugawanye kwa 95: unapata miligramu 63. Hapa wengi huteleza, huchukua 5% ya polima badala ya 5% ya jumla, kisha wakashindwa kulinganisha kazi yao na ya wenzao. Yeyusha ibuprofeni kwanza katika mililita 2.5 za methanoli, ongeza mililita 7.5 za kloroformu, ndipo umwage chembe za PCL kidogo kidogo huku sumaku ikikoroga. Funga chupa vizuri, koroga usiku kucha kwa joto la kawaida la chumba. Kifuniko kikiwa legelege kloroformu itatoroka, na asubuhi utakuwa na mmumunyo mzito kuliko ulioandika kwenye daftari.

Tumia bomba la kioo, au la polipropilini kama hakuna budi. Polistairini huyeyuka ndani ya kloroformu, na mpira mweusi wa kisukumio cha mabomba ya kawaida huvimba, ukakwama, kisha ukaachia kwa kishindo. Ukiona mtiririko unaosimama na kuruka, simama hapo kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Toa mapovu yote ya hewa. Sindano iwe ya geji 21, yenye tundu la ndani la karibu milimita 0.5, iliyokatwa bapa. Sindano ya mshazari ya kudungia watu hutoa koni iliyoelemea upande. Umbali hadi kipokeo sentimita 15, mtiririko mililita 1 kwa saa, hewa ya chumba iwe nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi na unyevunyevu wa 30 hadi 45%. Washa umeme kwa kilovolti 8, upandishe taratibu. Karibu na kilovolti 12 hadi 15 koni hutulia: tone halikui, halidondoki, wala halinywewi kurudi ndani ya sindano. Liangalie tone hilo kwa taa ya pembeni na pazia jeusi nyuma yake. Mtu aliyezoea hujua afya ya kazi yote kwa kulitazama tone.

Saa nne baadaye mililita 4 zimesokotwa, sawa na miligramu 480 za polima na takriban 25 za dawa. Kama kipokeo ni sahani bapa, katikati patakuwa panene na kingoni papo wembamba, na dozi ya kiraka kilichokatwa katikati itakuwa tofauti na ya kile cha pembeni. Silinda inayozunguka kwa mizunguko 100 hadi 300 kwa dakika, na sindano inayosogezwa kushoto na kulia, hupunguza tatizo hilo sana. Ukizungusha kwa maelfu ya mizunguko nyuzi zitalala kwa mstari mmoja, jambo zuri kwa tishu za neva na kano, lakini kwa kiraka cha dawa tu halina faida.

Sasa makosa, maana humu ndimo kazi ilimo.

Kosa la kwanza ni shanga. Unapeleka kipande kwenye hadubini ya elektroni unakuta uzi umejaa vinundu kama tasbihi. Sababu ni kwamba minyororo ya polima haijasukana vya kutosha ndani ya mmumunyo, hivyo mvutano wa uso unaushinda mchirizi na kuukusanya kuwa matone. Suluhisho ni kuongeza polima kwa asilimia 1 au 2, au kutumia polima yenye minyororo mirefu zaidi. Unaweza pia kuongeza upitishaji wa umeme kwa kubadilisha methanoli na kiyeyushi kiitwacho DMF, ili chaji ziuvute uzi kwa nguvu zaidi. Kupandisha volteji peke yake mara nyingi hakusaidii, na ikizidi koni hugawanyika kuwa michirizi mingi inayopigana, nyuzi zikatoka za vipenyo vya kila namna. Shanga si suala la urembo. Shanga yenye kipenyo cha maikromita 5 ina dawa nyingi na njia ndefu ya kutokea, uzi ulio kando yake una dawa kidogo na njia fupi, na mkeka mmoja unakuwa na ratiba mbili za kutoa dawa.

La pili ni sindano kuziba. Kiyeyushi cha daiklorometheni huchemka kwa nyuzi joto 40 tu, na kloroformu kwa 61. Tone hukauka juu kabla halijavutwa, likaota ndevu nyeupe. Changanya na kiyeyushi kizito kutoweka kama DMF, kinachochemka kwa nyuzi 153, kwa uwiano wa 3 kwa 1 au 4 kwa 1. Kufuta ncha kwa karatasi kunasaidia, lakini zima umeme kwanza, gusa sindano kwa fimbo ya kuondolea chaji iliyounganishwa na ardhi, ndipo mkono usogee. Mkondo wa mashine hizi ni mdogo, ila umeme uliohifadhiwa ndani ya chanzo unatosha kumrusha mtu, na cheche yake inatosha kuwasha mvuke wa asetoni au ethanoli. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke, lenye mlango unaokata umeme ukifunguliwa.

La tatu ni nyuzi zinazotua zikiwa mbichi, zikagandana kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Ongeza umbali, punguza mtiririko, au angalia unyevunyevu. Unyevu ni mgeni asiyebisha hodi. Kwa PCL na kloroformu, hewa ikipita 60% hivi mvuke wa maji hutua kwenye uzi unaopoa kwa sababu ya kiyeyushi kutoroka, na vitone hivyo huacha matundu usoni. Uso unaongezeka na dawa inatoka upesi zaidi. Kwa PVP, polima inayopenda maji, unyevu huo huo huuchelewesha uzi kukauka hadi ukalala kwenye kipokeo na kuyeyukiana na mwenzake. Andikeni unyevu wa hewa kwa kila mkeka mnaosokota. Mkeka uliosokotwa siku ya mvua na uliosokotwa siku kavu, kwa mmumunyo ule ule, unaweza kutoa dawa kwa namna mbili.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nianze na hesabu: mfoko wa mwanzo. Ni pale ambapo nusu ya dawa au zaidi inatoka katika saa chache za kwanza, kisha iliyobaki inachuruzika kidogo kidogo bila kufikia kiwango cha kutibu. Sababu kubwa ni dawa kuwa usoni. Uzi unapokauka, kiyeyushi kinatoka kwa upande wa nje na kuikokota dawa ambayo haina mapenzi na polima. Kama dawa ni chumvi yenye chaji, uga wa umeme nao unaisukuma upande huo huo. Doksorubisini hidrokloridi, dawa ya saratani, ni mfano mzuri. Ukiiweka ndani ya mmumunyo wa PLA katika kloroformu haiyeyuki sawasawa, inabaki chembe, na kwenye uzi uliokauka chembe hizo zinajitokeza nje. Maji yakigusa, zimekwenda. Ukiigeuza kuwa besi isiyo na hidrokloridi, ikawa inayeyuka katika kiyeyushi na kupatana na polima, inakaa ndani na kutoka polepole zaidi. Uzi ni ule ule na volteji ni ile ile; umbo la kikemia la dawa ndilo lililobadilika.

Kwa hiyo jaribio la kwanza kabisa halihitaji umeme. Yeyusha dawa na polima pamoja katika kiyeyushi ulichokusudia, tandaza matone machache kwenye kioo, acha yakauke, tazama kwa hadubini ya kawaida yenye vichujio vya mwanga uliopangwa. Fuwele zikimeremeta kila mahali, usitarajie miujiza kutoka kwenye sindano. Utando ukiwa angavu, una matumaini. Kukauka kwa uzi ni kwa haraka kuliko kwa utando, hivyo wakati mwingine dawa inayoganda kwenye kioo hukamatwa ndani ya uzi kabla haijapata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Hilo ni jema, ila lina deni lake baadaye, na nitalirudia.

Dawa isipopatana na polima hata kidogo, iwe ni protini au dawa inayopenda maji, njia iliyo wazi ni sindano pacha: tundu dogo ndani ya tundu kubwa. Ndani hupita mmumunyo wa dawa, kwa mfano protini katika maji yenye polima ya PEO kidogo ya kuongeza mnato, kwa mililita 0.1 hadi 0.3 kwa saa. Nje hupita PCL au PLGA, polima nyingine inayooza mwilini, kwa mililita 0.8 hadi 1.5. Mmumunyo wa nje lazima uweze kusokotwa peke yake. Wa ndani si lazima. Mtiririko wa ndani ukizidi, kiini kinapasua ganda na dawa inamwagika usoni. Ukipungua mno, kiini kinakatikakatika. Viyeyushi viwili visivyoelewana vinaweza kuigandisha polima pale pale vinapokutana mdomoni mwa sindano. Na kiini kikiwa na kiyeyushi chepesi sana, ganda hukauka kabla yake, kiyeyushi kikitoka baadaye ganda linabonyea, na badala ya uzi wa mviringo unapata utepe bapa. Msiridhike na picha ya nje. Utazameni uzi kwa hadubini ya elektroni zinazopenya, au wekeni rangi inayong'aa ndani ya kiini, mwone kama kweli kuna kiini.

Kuna pia njia ya emalshani, ambapo matone ya maji yenye dawa hutawanywa ndani ya mmumunyo wa polima kwa msaada wa Span 80, kemikali inayopatanisha maji na mafuta, kisha vikasokotwa kwa sindano moja. Ni rahisi kwa vifaa, lakini protini huumia kwenye mpaka wa maji na kiyeyushi cha kikaboni wakati wa kukorogwa. Pimeni kama protini iliyotoka bado inafanya kazi, msipime wingi wake tu. Njia ya kuchovya mkeka uliokwisha kusokotwa ndani ya dawa naipita haraka: inafaa pale mfoko wa mwanzo ndio unaotakiwa, kama kiuavijasumu siku ya upasuaji.

Upo pia upande wa pili wa hesabu ile, ambako kasi ndiyo baraka. Dawa nyingi haziyeyuki vizuri ndani ya maji, na mgonjwa akimeza kidonge sehemu kubwa inapita bure. Ukiisokota dawa ya namna hiyo na PVP ya K90 kwa 10% ndani ya ethanoli, inakamatwa ikiwa haina fuwele, na kipande cha mkeka kikiwekwa ulimini hulowana na kutoweka kwa sekunde chache. Na kati ya kasi na ukawivu kuna kazi nzuri ya viraka vya kinywani. Kiraka cha Rivelin, kilichotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sheffield na kampuni ya Denmark, kina safu ya nyuzi za PVP na polima ya Eudragit RS100 zilizobeba klobetasoli, dawa ya steroidi, pamoja na PEO ya kukishikiza kwenye utando laini wa mdomo. Mgongoni kina PCL iliyopashwa joto hadi ikawa haipitishi maji. Dawa inaelekea kwenye kidonda, mate hayaioshi. Kimefika kwenye majaribio ya kitabibu kwa wagonjwa wa lichen planus ya kinywani, ugonjwa wa uvimbe wa utando wa mdomo. Someni muundo wake kwa makini, kwa sababu kila polima imo kwa kazi moja inayojulikana.

Sasa upimaji wa utoaji, ambako takwimu nzuri nyingi huharibikia. Kateni duara tano kutoka sehemu tano za mkeka, katikati na kingoni, myeyushe kila moja yote katika kiyeyushi, mpime dawa iliyomo. Hiyo ndiyo 100% yenu. Msitumie kiasi mlichopima siku ya kuchanganya. Kisha vipande vya miligramu 10, visivyopungua vitatu kwa kila mkeka, viwekwe kwenye fosfeti bafa, mmumunyo unaotunza kiwango kile kile cha asidi, ya pH 7.4, kwa nyuzi 37, vikitikiswa kwa mizunguko 50 hadi 100 kwa dakika.

Maji ni kiasi gani? Kipande cha miligramu 10 chenye dawa 5% kina maikrogramu 500. Kama dawa inayeyuka kwa maikrogramu 100 kwa mililita, mkikiweka ndani ya mililita 5 maji yatajaa kabisa dawa yote ikitoka, na mchoro utalala bapa. Mtaandika kwamba uzi unadhibiti, kumbe maji ndiyo yamekataa kupokea zaidi. Katika mililita 20 kiwango cha juu ni maikrogramu 25 kwa mililita, robo ya kiwango cha kujaa, na hapo mnapima uzi wenyewe.

Kila mkichukua mililita 1 ya sampuli, rudisheni mililita 1 ya bafa safi yenye nyuzi 37, na hesabuni dawa mliyoitoa. Sampuli ya kwanza ikisoma maikrogramu 10 kwa mililita na ya pili 14, jumla iliyotoka hadi hapo ni 14 mara 20, ongeza 10, yaani 290. Anayesahau zile 10 za mwanzo atapata mchoro unaopinda chini mwishoni bila sababu. Jaribio likivuka wiki, wekeni sodiamu azidi 0.02% bakteria wasije wakala polima na dawa, mkikumbuka kwamba ni sumu na haichanganywi na asidi.

Mkeka wa PCL huchukia maji. Huelea juu ukiwa umekumbatia hewa, na upande wa juu haulowani kwa saa nyingi. Tabia ya kuuchovya kwanza kwenye ethanoli ili ulowane inaosha dawa ya usoni kabla saa haijaanza kuhesabu, na mfoko wa mwanzo unapotea kwenye takwimu huku ukibaki kwa mgonjwa. Uzamisheni kwa wavu wa chuma kisichoshika kutu. PLGA nayo ina hila yake: ikiwa kavu hulegea kwenye nyuzi 45 hadi 50, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi karibu na joto la mwili au chini yake. Minyororo iliyovutwa wakati wa kusokota inarudi nyuma, mkeka unasinyaa, matundu yanafumba. Piga picha kipande kikiwa ndani ya bafa siku ya 0 na siku ya 1 ukipime kwa rula. Kama kimesinyaa nusu, mchoro wako wa utoaji unaeleza kitu kingine kabisa, si ule mkeka mzuri uliouona kwenye hadubini.

Kwa waliozoea mlinganyo wa Korsmeyer na Peppas, unaolinganisha sehemu ya dawa iliyotoka na muda uliopandishwa kwa kipeo fulani: uzi ni silinda, hivyo kipeo kinachoashiria difyusheni ya kawaida ni 0.45, wala si 0.5 ya utando bapa. Na mlinganyo unatumika kwa 60% ya mwanzo tu ya utoaji. Kama 60% imetoka kabla ya sampuli yako ya pili, huna cha kuchora. Rudia ukiwa na sampuli za dakika 5, 10, 20 na 40.

Mabaki ya kiyeyushi yapimwe kwa kromatografia ya gesi. Mwongozo wa kimataifa wa ICH Q3C unaweka kikomo cha sehemu 60 kwa milioni kwa kloroformu, 600 kwa daiklorometheni, 880 kwa DMF, na 5,000 kwa asetoni. DMF ndiyo sugu zaidi kuondoka. Kausheni kwa ombwe kwa siku moja au mbili, na kwa PCL joto lisipite 40, kwani inayeyuka karibu na 60. Kwa sababu hiyo hiyo usafishaji kwa mvuke wa nyuzi 121 hauwezekani. Mionzi ya gama ya kilogrei 25 inaua vijidudu lakini inakata minyororo ya PLGA na kuharakisha kuoza kwake. Kuosha kwa ethanoli ya 70% kunaondoa dawa. Gesi ya ethilini oksaidi inawezekana, nayo inataka muda wa kupeperushwa hadi mabaki yake yaishe. Chagueni njia ya kuua vijidudu mapema, kabla ya kuchagua polima, kisha fanyeni jaribio la utoaji kwa mkeka uliokwisha kupitia njia hiyo.

Kuhusu wingi: sindano moja inatoa miligramu 100 kwa saa, na kiwanda hakiwezi kuishi kwa hilo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Liberec, huko Ucheki, kilionyesha njia ya kuacha sindano kabisa na kutumia silinda au waya uliolowa mmumunyo, ambao juu yake koni nyingi hujitokeza zenyewe. Tatizo kwa wafamasia ni kwamba beseni lililo wazi hupoteza kiyeyushi kadiri kazi inavyoendelea, na mkusanyiko wa polima na dawa unabadilika kutoka saa ya kwanza hadi ya sita. Anayehamia huko apime dozi ya mwanzo, ya kati na ya mwisho wa roli.

Na lile deni nililoahidi kulirudia. Dawa iliyokamatwa bila fuwele haijatulia. Kwa wiki na miezi, hasa penye joto na unyevu, molekuli husogea, hukutana, na kujipanga, na PVP inayonyonya maji kutoka hewani huwafungulia mlango. Fungeni mikeka kwenye pakiti za alumini zenye kikausha unyevu. Wekeni baadhi kwenye nyuzi 25 na unyevu wa 60%, na nyingine kwenye nyuzi 40 na 75%. Zitazameni kwa mionzi ya X mwezi wa 1, wa 3 na wa 6. Siku mtakapoona kilele cha fuwele ambacho hakikuwapo mwanzoni, chukueni kipande cha mkeka huo huo mkirudishe kwenye bafa siku hiyo hiyo, kwa sababu mchoro mliochapisha haumhusu tena mgonjwa atakayeufungua.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.